Dawa ya mafuta kwa pikipiki inayolala majira ya baridi

Hapa Minnesota pikipiki nyingi huingizwa ndani mwishoni mwa Oktoba na haziguswi tena hadi Aprili. Barabara hujaa theluji na chumvi, wastani wa joto la Januari mjini Minneapolis ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri haumshangazi mtu. Wengi wetu tuliojifunza pikipiki Kenya au Tanzania hatukuwahi kuwaza habari za mafuta kuzeeka. Bodaboda hujazwa mafuta kila siku, wakati mwingine lita moja moja, na yale ya jana yamekwisha kabla jua halijatua. Huku mafuta yatakaa tangini miezi mitano au sita, na duka lolote la vipuri lina rafu nzima ya chupa zinazoahidi kuyatunza.

Dawa hizo zina kazi. Tatizo ni kwamba zinapewa sifa zisizo zao, kisha zinatiwa zikiwa zimechelewa au mahali ambapo hazina msaada. Mtu humimina chupa tangini mwezi Machi pikipiki ilipokataa kuwaka, au huitia Oktoba na kuzima injini papo hapo, kisha majira ya joto yanapoanza analipa fundi amfungulie kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia injini. Ili ujue chupa ipi ununue na uitie lini, inabidi kwanza ujue mafuta yanaharibikaje, kwa sababu hayaharibiki kwa njia moja.

Njia ya kwanza ni kuvukiza. Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni. Ziko nyepesi kama butani, ambayo kila ikipata nafasi hugeuka gesi na kwenda zake, na ziko nzito ambazo huchelewa kuvukiza. Zile nyepesi ndizo zinazowasha injini ya baridi, kwa kuwa ndizo pekee zinazogeuka mvuke upesi kabla chuma hakijapata moto. Zikitoroka, mafuta yanayobaki bado yanaungua, ila asubuhi ya baridi unabonyeza stata mpaka betri inachoka. Hakuna dawa inayoweza kuzizuia kutoroka. Kinachosaidia ni tangi lililojaa, ambalo lina nafasi ndogo ya hewa, na kifuniko kinachoziba vizuri.

Njia ya pili ni oksijeni, na hapa ndipo dawa inapostahili pesa yako. Ndani ya petroli kuna molekuli ambazo hazijatulia kikemia, na oksijeni huzishika moja moja na kuziunganisha na wenzake hadi kutokea kitu kizito chenye kunata, mithili ya ulimbo, ambacho kikikauka kwenye chuma huwa utando wa rangi ya kahawia. Ni mabadiliko ya jamii ileile na yale yanayoyafanya mafuta ya kupikia yaharibike harufu na kunata kwenye mdomo wa chupa. Shaba huyaharakisha, na ndani ya kabureta jeti zote, vile vipande vyenye tundu jembamba la kupimia mafuta, ni za shaba ya njano. Viwanda vya kusafishia mafuta vinalijua hilo, hivyo petroli hutoka kiwandani ikiwa tayari imetiwa kemikali za kuzuia oksijeni. Kemikali hizo hujitoa kafara: hushambuliwa badala ya mafuta, na zikishakwisha mafuta hubaki bila kinga. Dawa ya kuhifadhi inaongeza kinga ya aina ileile, pamoja na kemikali za kuifunga shaba isichochee na za kupunguza kutu. Ndiyo maana lazima itiwe kwenye mafuta mapya. Ulimbo ukishafanyika, kuongeza kinga hakuurudishi ulivyokuwa.

Kuna jambo ambalo wauza dawa hawalisemi sana: baridi yenyewe ni rafiki wa mafuta. Kwa makadirio ya kikemia, kila joto linaposhuka nyuzi 10 kasi ya mabadiliko kama haya hupungua karibu nusu. Mafuta yaliyoko kwenye banda lisilo na hita, nyuzi 5 chini ya sifuri, yanazeeka polepole mno ukilinganisha na mafuta yaleyale kwenye kibanda cha mabati huko Kisauni, Mombasa, mwezi Februari. Kwa hiyo ndugu aliyeiacha pikipiki Mombasa akaja kufanya kazi Marekani ana sababu kubwa zaidi ya kuhangaikia mafuta yake kuliko sisi wa Minneapolis. Kwake yeye, dawa ni ya lazima au tangi na kabureta vimwagwe kabisa.

Maji na ethanoli

Njia ya tatu ndiyo inayotisha watu kuliko zote, na nadhani inatisha kuliko inavyostahili. Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli, ambayo ni aina ya pombe, hadi asilimia 10. Ethanoli hupenda maji, huyanyonya na kuyabeba ndani ya mafuta bila wewe kuyaona. Ila uwezo huo una mpaka. Kwenye nyuzi 15 hivi, mafuta ya aina hii hubeba maji karibu nusu ya asilimia moja, na mpaka huo hushuka kadiri baridi inavyozidi. Ukivukwa, ethanoli na maji hushikana, huachana na petroli na kuzama chini ya tangi, mahali ambapo koki (kile kibomba cha kufungulia na kufungia mafuta) au pampu inavuta mafuta. Petroli iliyobaki juu imepoteza ethanoli yake, hivyo okteni yake, yaani kipimo cha uwezo wa mafuta kutolipuka kabla ya wakati, imepungua kwa pointi mbili au tatu. Huo mchanganyiko wa chini hauwashi injini na unakula chuma.

Yote hayo ni kweli. Swali ni maji yatatoka wapi. Chukua tangi la lita 15 lililobaki na lita 5 za mafuta. Mpaka wake ni kama mililita 25 za maji. Juu ya mafuta kuna lita 10 za hewa, na tuseme kila siku joto linapanda na kushuka nyuzi 20. Hewa hiyo itatanuka na kusinyaa kwa asilimia 7 hivi, yaani tangi litavuta hewa ya nje lita 0.7 kwa siku. Hewa iliyoshiba unyevu kwenye nyuzi 20 hubeba gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo lita 0.7 inaingiza kama gramu 0.012. Fanya hivyo siku 150, uchukulie kwamba kila tone linabaki ndani, na bado hujafika gramu 2. Tena nimekadiria kwa ukarimu mkubwa, maana hewa ya Januari hapa ni kavu kuliko hiyo mara nyingi.

Kwa maneno mengine, mafuta hayatengani kwa sababu ya hewa kuingia na kutoka tangini. Pale yanapotengana, mara nyingi maji yameingia kwa mlango mwingine: mpira wa kifuniko umezeeka, au kile kijitundu cha kutolea maji kando ya mdomo wa tangi kimeziba uchafu, pikipiki ikanyeshewa au ikaoshwa kwa mashine ya presha, maji yakatuama pale juu na kupenya. Kagua mpira huo na uchokonoe kijitundu hicho kabla ya kufikiria dawa yoyote. Ni kazi ya dakika chache na haina gharama.

Hata hivyo unyevu mdogo una dhambi moja: hauhitaji kuwa mwingi ili chuma kishike kutu. Tangi la chuma lililoachwa nusu litaota kutu juu ya mstari wa mafuta, na kutu hiyo ikidondoka huenda moja kwa moja kwenye chujio. Kwa tangi la chuma ushauri wa kujaza ni wa busara. Tangi la plastiki halina wasiwasi huo.

Mahali pikipiki inapougua kweli

Watu wakisema mafuta yameharibikia tangini, mara nyingi tangi halina kosa. Ugonjwa uko kwenye kabureta. Chini ya kila kabureta kuna bakuli dogo linalobeba mafuta kiasi cha kikombe cha kahawa au pungufu, na bakuli hilo lina njia ya hewa iliyo wazi. Kiasi hicho kidogo huvukiza karibu chote ndani ya wiki chache tu. Zinazoondoka ni zile sehemu nyepesi, na kinachobaki chini ni ulimbo.

Koki ikiwa imeachwa wazi, mambo huwa mabaya zaidi. Mafuta ya bakuli yanaposhuka, floti (kile kielea kilicho juu yake) nayo hushuka, sindano hufungua mlango, na mafuta mapya huingia kutoka tangini. Hayo nayo huvukiza na kuacha ulimbo wake juu ya ule wa kwanza. Bakuli hilo linaweza kupokea mafuta mara nyingi kabla ya Aprili kufika, na kila mara huongeza tabaka.

Sasa angalia jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa katika mlio wa chini. Kwenye kabureta nyingi za Keihin, chapa ya Kijapani, utaikuta imechorwa namba kama 38, na maana yake tundu lake lina upana wa milimita 0.38. Ukiifungua kwenye pikipiki iliyolala vibaya na kuielekeza kwenye taa, hutaona mwanga upande wa pili. Kwenye bakuli utakuta utando wa kahawia unaonuka kama rangi ya zamani, na penye shaba pameota chengachenga za kijani. Dalili zake barabarani hazifichiki: pikipiki inawaka ukivuta choki, na ukiirudisha tu inazima. Usiizibue jeti hiyo kwa waya wa chuma, maana ukiongeza upana wa tundu kwa unywele tu umeharibu vipimo vyake. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha pulizia hewa ya kompresa.

Kwa hiyo ukitia dawa tangini na kuzima injini, mafuta yenye kinga yamebaki juu na kwenye bakuli kumebaki mafuta yasiyo na kinga. Hata yakifika, dawa hupunguza ulimbo, haizuii mafuta kuvukiza. Kwa pikipiki ya kabureta mimi husema hivi: dawa ni ya kulinda tangi, na kabureta hulindwa kwa kumwagwa. Funga koki, kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli na ukinge kijikopo. Kuacha injini ingurume hadi izime yenyewe hakutoshi, kwa sababu chini ya jeti hubaki mafuta kidogo, na hayo ndiyo yatakayokauka. Koki nyingine za vakyumu hazina alama ya kufunga. Zenyewe hujifunga injini ikizimwa, wewe shughulika na skrubu tu. Wapo mafundi wanaopinga kumwaga, wakisema raba za ndani zitakauka na kusinyaa. Hoja yao ina uzito kwa pikipiki itakayokaa miaka, lakini kwa msimu mmoja wa baridi hatari ya ulimbo ni kubwa kuliko ya raba.

Pikipiki ya injekta, inayopulizia mafuta kwa presha badala ya kutumia kabureta, ina nafuu. Mafuta yake yamefungiwa kwenye mpira wenye presha, hayana mahali pa kukutana na hewa hadi yafike kwenye ncha ya injekta. Ikiwa ni hiyo unayo, tangi limejaa mafuta mapya na umetia dawa, hakuna zaidi cha kufanya upande wa mafuta. Na nikisema ukweli wangu wote, kwa miezi mitano ya baridi kali, injekta na tangi lililojaa mafuta mapya, huenda hata bila dawa ungeondoka salama. Ninaitia kwa sababu bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya pampu.

Chupa zilizo rafuni

Chupa hizi hupangwa pamoja na watu huzichanganya, ingawa kazi zao ni tofauti. Kuna dawa za kuhifadhi, kama STA-BIL, ambazo kazi yake ni ile ya kuzuia oksijeni. Kipimo chake ni kama mililita 30 kwa lita 9.5, hivyo tangi la lita 15 linahitaji mililita 50 hivi, na chupa nyingi zina alama au kikombe cha kupimia. Kisha kuna Sea Foam, inayotengenezwa hapahapa Minnesota, ambayo ni mchanganyiko wa mafuta mepesi, nafta na pombe ya isopropili. Watengenezaji wake wanaipa kazi mbili, kusafisha na kuhifadhi, na kipimo chake ni kikubwa zaidi, angalau mililita 30 kwa kila lita 3.8. Ahadi ya zote mbili ni mafuta kukaa hadi miaka miwili. Hiyo ni ahadi ya chombo kilichofungwa vizuri, si ya bakuli la kabureta.

Kundi la tatu ni visafishaji vya injekta vyenye polietheramini. Hivyo huondoa masizi injini ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo tumia kiangazi unapoendesha, si siku ya kuilaza pikipiki. La nne ni dawa za kukausha maji, na ndani yake mara nyingi kuna methanoli au isopropili. Kama mafuta yako tayari yana ethanoli asilimia 10, tangi la lita 15 limebeba lita moja na nusu ya pombe. Kuongeza pombe nyingine hapo hakukupi faida, na methanoli haina huruma kwa alumini na raba. Dawa ya kupandisha okteni sina la kuisema hapa. Haihusiki na kuhifadhi.

Minnesota ina bahati moja ambayo majimbo mengi hayana kwa wepesi huu. Sheria ya jimbo inataka petroli ichanganywe na ethanoli, lakini inaruhusu petroli ya okteni 91 isiyo na ethanoli iuzwe kwa pikipiki, boti, magari ya kale ya wakusanyaji na injini ndogo, ndiyo maana vituo vingi vina pampu yenye kibandiko kinachotaja vyombo hivyo. Ni ghali zaidi kwa galoni, lakini tangi moja la mwisho wa msimu halimfilisi mtu, na habari yote ya kutengana kwa ethanoli unaifuta. Kumbuka tu kwamba mafuta hayo nayo huoksidika na huvukiza, kwa hiyo hayakuondolei kazi ya kumwaga bakuli.

Siku ya kuilaza

Subiri tangi likaribie kwisha. Nenda kituo chenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai kwenye matangi ya chini ya ardhi. Tia dawa kwanza, halafu mafuta juu yake ili yaichanganye yenyewe, kisha endesha kilomita 15 au 20 kurudi nyumbani. Safari hiyo inafanya kila kinachotakiwa: inapeleka dawa hadi kwenye injekta au kabureta na inaipa injini joto la kutosha kukausha unyevu. Wanaoshindwa kuendesha huwasha wakiwa bandani. Tafadhali toa pikipiki nje kabisa. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na mlango uliofunguliwa nusu haukuokoi. Kila baridi watu wanapoteza maisha hivi.

Jaza hadi chini kidogo ya shingo ya tangi, usifike mdomoni. Petroli hutanuka. Lita 15 zilizojazwa kwenye nyuzi 5 zikiingizwa kwenye banda la nyuzi 25 huongezeka karibu lita 0.3, na zisipopata nafasi zitatafuta njia kupitia mpira wa hewa.

Baada ya hapo iache. Kuna desturi ya kuwasha pikipiki kila Jumamosi dakika tano ili isisahau kazi, na ninaisihi kila familia iliyo na desturi hiyo iiache. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Injini iliyopata moto huyatoa yote kama mvuke, lakini injini ya dakika tano huyaacha ndani ya ekzosi na kwenye oili, huku betri ikitoa umeme mwingi kuliko inaorudishiwa. Betri iwekee chaja ndogo ya kuitunza, na oili ibadilishwe kabla ya kulala, maana iliyotumika ina asidi.

Aprili ikifika na una shaka, usianze na stata. Chota mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwa mpira mwembamba, yatie kwenye chupa ya kioo, uyaache yatulie. Yakiwa angavu na harufu ni ileile ya kituoni, endelea. Yakiwa yameiva rangi na harufu imechacha lakini hayajagawanyika, unaweza kuyamalizia kidogo kidogo kwenye gari lenye tangi kubwa lililojaa mafuta mapya. Ukiona mstari, tabaka moja juu na jingine chini, hayo hayana tena matumizi kwenye injini yoyote na hakuna chupa itakayoyarudisha. Usiyamwage kwenye nyasi wala mfereji. Kaunti ya Hennepin ina kituo Brooklyn Park kinachopokea taka za sumu za majumbani, mafuta mabovu yakiwemo. Yapeleke kwenye kopo la mafuta lililofungwa vizuri, na uandike nje kilichomo.